Ziwa ao Sisi: Ni Nani Anayekula Watu?

Sisi watu wa Kilembwe tunakaa mbali na ziwa, lakini chumvi, sabuni na nguo zinatufikia kupitia Baraka, na watoto wetu wanapanda boti kwenda Uvira, Kalemie na Kigoma. Kwa hiyo msiba wa ziwa ni msiba wa Lulenge pia. Na kwenye matanga tunasikia neno moja tu: «Ziwa limemkula.» Neno hilo njo tunataka kulipima hapa.

Tanganyika si maji ya kuchezea. Kina chake kinafika karibu metre 1470, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaamsha mawimbi makubwa. Mwaka 1871 Stanley aliandika yale aliyoambiwa na wasafiri juu ya Kabogo, mlima wa ng'ambo ya magharibi, ambako maji yananguruma ndani ya mapango. Walisema: mwenye kutupa shanga ao kitambaa kwa kumtuliza mulungu wa pale anapita salama, asiyetupa anazama.

Je, ilikuwa ujinga? Wengi wetu tuliosoma tutajibu haraka: ndiyo. Lakini tuangalie kazi ya desturi ile. Mbele ya kufika mahali pa hatari, kila mtu alikubali kwamba kuna nguvu inayomshinda, awe mwenye mali ao mpiga kasia. Shanga haikutuliza upepo, ilituliza kiburi.

Leo shanga tumeiacha, kiburi tumebaki nacho. Desemba 2014 meli Mutambala, yenye jina la mto wetu wa Fizi, ilizama ziwani. Watu zaidi ya 120 walikufa. Wakubwa wa serikali walitaja upepo mkali na mzigo kupita kiasi. Upepo hauwezi kushitakiwa. Lakini mzigo, nani aliupakia?

Mtu atasema: na wale waliokimbia vita tangu 1996, wakajazana ndani ya mitumbwi kwenda Kigoma, nani angewahesabu? Ni kweli. Anayekimbia risasi hana kosa. Kosa ni la aliyemfukuza. Lakini siku ya soko, mwenye boti hafukuzwi na mtu. Anafukuzwa na faida tu.

Tofauti ni hii: watu wa shanga waliogopa ziwa kabla ya safari, sisi tunalitaja kisha mazishi, ili mtu asiulizwe. Neno ni lilelile. Mbele ya safari ni hekima, nyuma ya msiba ni maficho.

Basi, ndugu msomaji, shanga ya leo ni kuhesabu watu na magunia, kuvaa jile ya kuelea, kungojea upepo upoe. Na abiria naye, akiona boti imejaa, sherti akatae kupanda, hata kama nahodha anamcheka. Tukifanya hivyo, na ziwa likatushinda bado, hapo tutalia bila haya. Lakini tusiwazike watu wetu kwa kusingizia maji.