Tulipokuwa Watu Kumi na Mmoja

Kijitabu kilichochapishwa kwa ajili ya changizo la Jumapili iliyopita kinasema kanisa letu lilianza kwa maono. Huenda. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimeketi mkekani karibu na mlango, na ninachokumbuka ni mtungi wa maji.

Ilikuwa 1984, mwaka wa ukame, katika chumba cha kupanga mtaa wa Sofia, hapa Voi. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia la leso, sufuria zimesukumwa uvunguni, na watu wazima kumi na mmoja wamebanana magoti kwa magoti kuzunguka taa ya chemni. Aliyewaongoza alikuwa mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa Voi kutoka magharibi mwa Kenya, upande ule ambako Wapentekoste wana kituo chao Nyang'ori tangu 1924. Hakuwa mchungaji wala hakutaka kuitwa hivyo. Tulimwita Ndugu.

Usiku ule walikutana kuomba mvua. Ndugu akafungua Biblia, akatutazama mmoja mmoja, akaifunga. "Hapa kuna watu hawasemezani," alisema. "Hatuombi."

Kila mtu alijua ni nani. Asubuhi mtungi wa mama ulikuwa umetoweka kwenye foleni ya bomba, na saa sita mchana ukaonekana mlangoni kwa jirani yetu, mtupu. Wote wawili walikuwa wameokoka. Wote wawili walikuja kuomba, wakajitahidi kupeana mgongo katika chumba ambacho hata kukunja mguu ilibidi umwambie mwenzako asogee.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mtoto mmoja alisinzia, kichwa kikamwangukia mama yake. Hatimaye jirani akasema, akiitazama ile taa, "Niliyachukua mimi. Mtoto alikuwa anaendesha tangu usiku." Mama akamjibu, "Si ungeniambia, dada." Basi. Kisha wakalia wote, na ibada ikaanza, na ilipoanza haikuisha hadi alfajiri. Kusema kweli mikesha yetu ilifika alfajiri si kwa nguvu za Roho peke yake. Waliokaa nje ya mji hawakuthubutu kurudi gizani, maana ndovu wa Tsavo hawana habari na ratiba ya mtu.

Mvua haikunyesha wiki ile wala iliyofuata.

Nyanya yangu, aliyekuwa ameteremka kutoka Wundanyi kutafuta matibabu, alilala usiku kucha nyuma ya lile pazia akisikiliza. Hakuwa ameokoka na hakuwa na haraka hiyo. Asubuhi, akinywa chai ya rangi, alicheka akasema, "Hiyo ni kutasa. Mmekosa pombe ya miwa tu."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Kwa Wataita wa zamani, mzee hakuanza kuomba mvua au uzima akiwa na kinyongo. Alipiga funda la pombe ya miwa, au hata maji matupu, akalipuliza nje kwa kinywa huku akitamka kwamba hasira yake imetoka. Waliamini hasira iliyofichwa moyoni hufanya kazi yake gizani: mtoto akaugua, mbuzi akafa, mawingu yakapita. Grace Harris, mtafiti aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona jambo hilo kuwa kiini cha dini yao, na kitabu chake cha 1978 amekipa jina linalohusu kuitoa hasira hiyo. Nyanya hakukisoma. Alimsikia Ndugu, ikamtosha.

Kabla ya makanisa ya sebuleni kama letu, Ukristo wa Taita ulikuwa wa kilima kwa kilima. Waanglikana walitangulia Sagalla mwaka 1883 wakiongozwa na J. A. Wray, Wakatoliki wakaweka kituo Bura mwaka 1892, na kwa muda mrefu ukitaja kwenu tu mtu alikisia unasali wapi. Wapentekoste walitufikia kwa barabara na reli, pamoja na makarani, wauza nguo na vijana waliokwenda Mombasa kutafuta kazi wakarudi na kinanda. Joe Kayo, aliyekuja kuanzisha Deliverance Church mwaka 1970, aliokoka Mombasa katika mkutano wa Mmarekani T. L. Osborn mwaka 1957. Voi iko njia panda. Aliyeshuka hapa bila ukoo alihitaji watu wa kumzika, na kanisa la sebuleni lilimpa kumi.

Tukatoka sebuleni tukaenda chini ya mwarobaini. Kisha nguzo nne na mabati yaliyotumika, na upepo wa Voi ukituletea vumbi jekundu hadi ndani ya sahani ya sadaka. Kisha cheti cha Msajili wa Vyama, chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kisha ploti, na ugomvi kuhusu jina la nani liandikwe kwenye hati. Kisha mawe ya kuchonga, viti vya plastiki, spika mbili za urefu wa mtu. Ndugu alihamishwa zamani, kabla ya mabati. Sijui kama alipata kuona tulivyokua.

Nasema haya bila dhihaka, maana kanisa hilo limelipa karo za watoto wengi, pamoja na mimi. Na tangu miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri mmoja ifukuliwe katika msitu wa Shakahola, watu wanauliza makanisa haya yanakaguliwa na nani, vyeti viko wapi, mchungaji kasomea wapi. Ni haki kuuliza. Sisi cheti tunacho, kimewekwa fremu ofisini. Swali la Ndugu, la nani hasemezani na nani, ndilo sijalisikia tena, na sidhani kuna afisa wa serikali anayeweza kuliuliza.

Jumapili iliyopita tulichangia vigae. Mama, sasa anatembelea mkongojo, aliketishwa mbele kama mwanzilishi, upande wa kushoto. Jirani yetu wa Sofia aliketishwa mbele vilevile, upande wa kulia. Mwongoza ibada aliwataja pamoja, watu wakapiga makofi na vigelegele, kila mmoja akainua mkono akiangalia mbele. Tangu ule ugomvi wa hati hawajasemezana. Ni miaka kumi na minne.

Nilipokuwa nikimshika mkono kuelekea nje nilimuuliza, "Mama, huwa mnawezaje? Kila Jumapili?"

Alisimama kupumzika, akanionyesha kwa mkongojo: mlango wa upande wa barabara, uliokuwa umejaa watu, na mlango wa pili, wa upande wa matangi ya maji.

"Mwanangu," akasema, "siku hizi kuna milango miwili."