Twamwogopa Nani Barabarani?



Sisi wa Moa tukienda Tanga mjini, kwa hospitali, kwa soko au kwa shughuli za Kanisa, twaitokea barabara kuu ya Horohoro. Kilomita zake 65 zilitiwa lami kwa fedha za mkataba wa Marekani uliokwisha mwaka 2013, nasi twamshukuru Mungu kwa hiyo. Zamani mashimo na matope yalimlazimisha kila dereva kwenda polepole. Leo kinachomzuia ni sheria na dhamiri yake.

Tukiwa safarini twaona madereva wa namna nyingi. Yuko mwenye haraka, alipitaye lori penye kona, kana kwamba ameahidiwa kuwa hakuna ajaye. Yuko mwenye gari kubwa, ambaye kwa honi tu humtupa mchangani mwenye baiskeli. Yuko mwenye simu sikioni na mkono mmoja kwenye usukani. Yuko pia mpole, asimamaye ili watoto wa shule wavuke. Huyo hatusimulii habari zake nyumbani, ingawa ndiye aliyetufikisha.

Lakini yuko mmoja aliyetufikirisha zaidi. Huyu huwamulikia taa madereva wanaokuja, kuwaambia kwamba askari yuko mbele. Wote hupunguza mwendo, humpita askari kwa adabu, na baada ya kona hukanyaga mafuta tena. Twamwona mwema, maana amemwepushia mwenziwe faini. Je, ni wema huo? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa penye makazi kwa faida ya askari. Iliuweka kwa ajili ya mama mwenye ndoo kichwani, na mtoto anayekimbilia mpira wake. Aliyemulikiwa amesaidiwa, mtoto amesahauliwa.

Mtu atasema, "Askari wengine watafuta pesa tu." Yawezekana. Lakini ubaya wa askari haumpunguzii mtoto hatari. Na dereva amwogopaye askari tu, utii wake hauvuki kona moja.

Na sisi abiria je? Siku moja tulikuwa twarudi kutoka Tanga katika gari la abiria, na dereva alikwenda mbio mno. Mzee mmoja Mwislamu akamwambia, "Mwanangu, taratibu, humu mna watoto." Konda akacheka. Abiria mmoja akasema, "Mzee, kama waogopa, shuka." Sisi tulikuwa Wakristo watatu, tumetoka ibadani, nasi tulinyamaza. Tulipofika salama tulisema kwamba mzee yule ni mwoga.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari ya njia kuu, ile iteremkayo kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule msafiri; kosa lao ni kupita kimya. Basi, katika gari lile, jirani alikuwa nani? Hakuwa mmoja wetu watatu.

Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, huko Chang'ombe ya Segera, katika mkoa wetu huu, lori liliwagonga watu waliokusanyika mahali palipotokea ajali nyingine. Watu 11 walikufa. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Twakumbuka tu kwamba kumhurumia mtu kwataka kwanza kumwona, na kusimama kwataka nafasi. Aendaye mbio gizani, hata akiwa na moyo mwema, hujinyima vyote viwili. Kwa hiyo kupunguza mwendo si jambo la sheria peke yake. Ni namna ya kumpenda mtu ambaye bado hatujamwona.

Basi, ndugu zetu mlio madereva, mkumbukeni mtoto wa mpira hata pale asipo askari. Nasi abiria tutoke nyumbani mapema, tusimwambie dereva afidie kwa mafuta muda tulioupoteza kwa usingizi. Na mzee atakaposema, "Taratibu, mwanangu," asiseme peke yake tena.

Mungu atulinde sote safarini.