Mwanangu, Pima Kabla Hujachinja

Mwanangu, umeniambia umepata pikapu ya Chevrolet 3100 ya 1948, kebini nzima, milango inafunga vizuri, na sasa unatafuta gari la kuchinja ili uipe miguu na moyo mpya, yaani chesisi na injini. Hongera. Lakini katika mazungumzo yetu yote umetaja bei tu. Kipimo hujataja hata kimoja, na hapo ndipo ninapochoka. Si wewe wa kwanza. Huku Marekani nimewaona vijana wengi wakinunua kwanza kile kilichokuwa rahisi, kisha wakaanza kuilazimisha bodi ya kale ikifuate. Bodi haifuati.

Kaa tuzungumze taratibu.

Chukua futi upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kwa 3100 yako ni inchi 116. Sasa tazama Chevrolet S-10, ambayo watu wengi huikimbilia kwa kazi hii. Yenye kebini fupi na sehemu fupi ya mizigo ina inchi 108.3. Yenye kebini fupi na sehemu ndefu ya mizigo ina 117.9. Yenye kebini ndefu ina 122.9. Jina ni lile lile, na ukiziona barabarani utadhani ni ndugu pacha. Lakini ile ya katikati inakukaribia kwa chini ya inchi 2, na ile ya mwisho utalazimika kuikata karibu inchi 7 na kuichomelea upya. Chesisi iliyokatwa ikachomelewa na mkono usiojua huachia siku umepakia watoto. Kwa hiyo usinunue ya kebini ndefu eti kwa sababu imepunguzwa dola mia. Subiri ile yenye sehemu ndefu ya mizigo. S-10 zilitengenezwa kuanzia miaka ya 1980 hadi 2004, hazijaadimika.

Ukishapima urefu, pima upana. S-10 ni nyembamba na madigadi ya 1948 ni mapana, hivyo magurudumu yatazama ndani kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Hilo linatibika kwa rimu zinazotokeza nje au ekseli pana zaidi, mradi ulijue kabla, uliweke kwenye hesabu. Wengine watakuambia uchukue Ford Crown Victoria. Ni ushauri mzuri kwa gari linalostahili: kuanzia 2003 sehemu yake yote ya mbele imekaa kwenye krosmemba ya alumini, ina stelingi ya reki, na hutoka kwa kufungua boliti. Wenye pikapu za F-100 za miaka ya 1950 wanaipenda kwa sababu hiyo. Lakini ni pana mno. Ukiiweka chini ya gari dogo la miaka ya 1930, tairi zitatokeza nje ya madigadi. Na nyingi zilikuwa za polisi. Injini imekaa saa nyingi ikiunguruma gari limesimama, kwa hiyo maili unazosoma kwenye dashibodi hazikuambii uchovu wake wote.

Nenda ukaione ikiwa inatembea. Nakuomba hili kuliko mengine yote ya kiufundi. Gari linalotembea linakuonyesha kama giaboksi inabadilisha vizuri, difu inalia au hailii, breki zinavuta upande gani. Ukitaka injini ya lita 5.3 ya pikapu za Silverado za kuanzia 1999, basi chinja Silverado nzima, usinunue injini iliyolala juu ya paleti. Utahitaji kompyuta yake, waya zake zote bila kukatwa, na kanyagio lake la mafuta ikiwa ni la umeme, kwa maana vitu hivyo vinajuana. Kinga yake ya wizi pia itabidi izimwe kwenye kompyuta, la sivyo injini itawaka na kuzima, nawe utahangaika na pampu ya mafuta isiyo na kosa.

Beba na nyundo ndogo. Katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani kama Ohio na Michigan chesisi huoza kutoka ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Gonga karibu na viungio vya springi za nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu na kumwaga unga.

Na karatasi, mwanangu. Hapa ndipo watu wazima wanapopoteza magari waliyoyajenga kwa jasho. Unapohamishia kebini ya 1948 juu ya chesisi ya 1998, serikali ya jimbo itauliza hili ni gari gani, na kila jimbo lina jibu lake. Mengine hukagua na kutoa namba mpya. Wenye Ford za 1932 wana taabu zaidi, kwa sababu namba yao imegongwa kwenye chesisi yenyewe, na wakiitupa chesisi wameitupa namba. Usibandue kibati cha namba kwenye nguzo ya mlango ukakihamishia kwingine, hata fundi akikuapia kwamba kila mtu anafanya hivyo. Ni kosa chini ya sheria ya shirikisho. Nenda ofisi ya magari ya jimbo lako kabla hujalipa hata senti, uliza watataka hati zipi, na muuzaji wa S-10 asiye na hati ya umiliki yenye jina lake mwenyewe, mwache na gari lake.