Siku Iliyookolewa na Mashine ni ya Nani?

Katika kilima chetu cha Rusizi, juu ya bonde la Bugarama, kuna barabara ya udongo inayopanda hadi kituo cha kuoshea kahawa. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilitengenezwa kwa mikono. Kila baada ya mvua kubwa kapita aliwaita wanawake na wanaume wa kilimani, akawagawia ngwe kwa kamba, na kila mmoja akachimba sehemu yake ya mtaro kwa jembe na sururu, akapakia udongo kwenye toroli, na jioni akaandikwa daftarini. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Fedha hizo ndizo zilizolipa bima yake ya afya, tunayoiita mituweli, na madaftari yangu ya shule ya sekondari.

Kisha ikaamuliwa kwamba barabara ipanuliwe. Walianza kuja vijana wawili na droni. Waliirusha, ikazunguka juu ya kilima, na watoto wakaikimbilia wakidhani imeleta damu, kwa maana walikuwa wamesikia redioni habari za ndege za Zipline ambazo tangu 2016 hupeleka damu katika hospitali za nchi yetu. Baada ya siku chache lori likashusha kijiko, ile mashine ya kuchimbia yenye mkono mrefu. Dereva wake hakuhitaji vigingi wala kamba. Mbele yake palikuwa na skrini iliyomwonyesha achimbe kina gani na aishie wapi. Shangazi alisimama kando ya njia akatazama kwa muda mrefu, halafu akamfuata kapita. Nilidhani anakwenda kulalamika. Alimuuliza kama watu wa mashine watahitaji mtu wa kuwapikia.

Swali lake ndilo lililonifanya niandike insha hii. Mashine inapofanya kwa siku moja kazi ambayo watu wengi wangeifanya kwa majuma, siku zile zilizookolewa ni mali ya nani? Ni za mkandarasi aliyeileta mashine, za serikali iliyotoa zabuni, za watakaopita barabarani, au pia za yule ambaye jembe lake limewekwa kando?

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutazungumza kwa huruma tupu. Mtu mwenye afya, akichimba udongo wa kawaida kwa jembe na sepetu, hutoa mita za ujazo mbili au tatu kwa siku. Kijiko cha tani 20 huchota karibu mita moja ya ujazo kila kinapozamisha bakuli lake, na katika udongo laini kinaweza kufikia mita mia moja kwa saa. Saa moja ya kijiko, basi, ni sawa na siku nzima ya watu thelathini au zaidi. Siku moja ya kijiko ni siku ya watu zaidi ya mia mbili. Hakuna kapita anayeweza kushindana na hesabu hiyo, na hakuna mkandarasi mwenye akili timamu atakayeipuuza.

Wapo watakaosema kwamba jibu ni kuikataa mashine na kuitetea kazi ya mikono kwa kuwa ina heshima. Sikubaliani nao. Sisi wa Rwanda tuna sababu yetu ya kutoisifu kazi ya mikono bila kufikiri. Neno la Kinyarwanda *akazi* limetokana na neno la Kiswahili kazi, na wakati wa Wabelgiji lilikuwa na maana ya kazi ya shuruti. Watu walitolewa majumbani kwenda kuchimba barabara na mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na aliyekataa alionja *ikiboko*, neno jingine tulilolichukua katika Kiswahili. Wengi walikimbilia Uganda ili waiepuke kazi hiyo. Barabara kadhaa za milima yetu zilianza kwa jasho la watu wasioulizwa. Leo neno lilelile, *akazi*, ndilo kijana analolitaja katika sala zake anapotafuta ajira. Jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni kama mtu amelishika kwa hiari yake na kama analipwa. Kwa hiyo heshima ya kazi haimo katika jembe lenyewe wala katika maumivu ya mgongo.

Tena kuna nyakati ambapo kumpa mtu sepetu ni ukatili. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliangusha miteremko katika Mkoa wa Magharibi na maeneo jirani, watu zaidi ya 130 wakafa na barabara zikafungwa. Mlima unapoporomoka juu ya nyumba, saa ni uhai. Hata siku za kawaida, kuchimba chini ya ukingo mrefu wa udongo uliolowa ni kujichimbia kaburi. Mashine inayomtoa binadamu mahali pa namna hiyo inafanya jambo jema, na atakayeipinga kwa jina la ajira anapaswa kwanza kusimama yeye chini ya ukingo huo.

Basi mashine si adui. Lakini si jambo lililoanguka kutoka mbinguni pia. Kila chombo kilizaliwa mahali fulani ili kijibu swali la watu wa huko. Mwaka 2015 kampuni ya Komatsu ya Japani ilianzisha huduma iitwayo Smart Construction, inayounganisha droni za kupima ardhi na mashine zinazoongozwa na kompyuta. Mwaka uliofuata serikali ya Japani ikaanza sera ya kueneza teknolojia za aina hiyo katika kazi za umma. Swali lao lilikuwa zito na la kweli: wajenzi wanazeeka, vijana ni wachache, nani atachimba? Kwao mashine inaziba nafasi ya mtu asiyekuwepo.

Sasa mlete kijiko hichohicho Rusizi. Sensa ya 2022 ilihesabu Wanyarwanda zaidi ya milioni 13, na wengi wao hawajatimiza miaka 30. Mashamba ni madogo, na kila kizazi huyagawa yakawa madogo zaidi. Huku mtu yupo. Amesimama kando ya njia, anatazama. Mashine iliyoundwa kumsaidia mzee wa Japani inafika hapa na kumwondoa kijana wa Kamembe, na sisi tunaita mambo hayo mawili kwa jina moja, maendeleo. Sidai kwamba jibu la Wajapani halitufai. Nadai kwamba tukiazima jibu, bado tunalo swali letu, na hakuna atakayelijibu kwa niaba yetu.

Teknolojia hii imebadilisha pia namna ya kupima, na hapa pana jambo linalohitaji haki kwa pande zote mbili. Zamani mkandarasi na mteja waligombana kuhusu udongo. Udongo ukichimbuliwa huvimba. Mita moja ya ujazo iliyokuwa imeshikana ardhini huwa mita moja na robo hivi ndani ya lori. Mjanja alilipwa kwa uvimbe. Mwingine alihesabiwa safari za malori zilizokuwa nusu tupu. Siku hizi droni hupiga picha za kilima kabla na baada ya kuchimba, kompyuta ikatoa sura ya pili katika ile ya kwanza, na tofauti ndiyo malipo. Kijiko nacho hutuma habari kwa setilaiti: kimefanya kazi saa ngapi, kimenguruma bure saa ngapi, kimekunywa mafuta kiasi gani. Wizi mwingi umepungukiwa na mahali pa kujificha, na fedha za umma zimepata mlinzi. Hilo ni jema.

Lakini daftari la kapita, pamoja na makosa yake yote, lilikuwa na kitu ambacho picha ya droni haina: majina. Nani alikuja, nani aliugua, nani ni mjane na apewe ngwe iliyo karibu na nyumbani. Kipimo kipya kinaona udongo kwa usahihi wa sentimita chache na hakimwoni mtu hata mmoja. Hatari ya maadili iko hapo. Tukishapata kipimo kizuri sana cha kitu kimoja, tunaanza kuamini kwamba kile kisichopimwa hakipo. Mkataba unasema mita za ujazo, ripoti inasema mita za ujazo, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha vizuri. Shangazi hayumo popote katika hesabu hiyo, hivyo hakuna aliyemdhulumu. Dhuluma ya namna hii haina mtendaji, na ndiyo maana ni vigumu kuijibu.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha *Politics*, aliwazia kwamba kama vyombo vya kufumia vingejiendesha vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Watu wengi humtaja kama aliyeota uhuru kutoka katika kazi ngumu. Lakini yeye alikuwa anaeleza kwa nini, kwa maoni yake, mtumwa alihitajika. Hakusema yule asiyehitajika tena angekula nini. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye chombo kinajiendesha, na sehemu ile ambayo hakuiandika ndiyo iliyotufikia sisi.

Kuna hoja mbili nzito dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba mkandarasi amekopa benki kununua mashine, hivyo faida ya mashine ni yake. Nakubali kwamba jasho la mkopo ni jasho pia. Lakini barabara haijengwi kwa fedha zake. Inajengwa kwa fedha za wote, na fedha za wote zina haki ya kuuliza zaidi ya swali moja. Hoja ya pili ni kwamba barabara nzuri humnufaisha kila mtu. Ni kweli kwa kiasi. Mwenye miti mingi ya kahawa atanufaika sana, mwenye pikipiki atanufaika, mgonjwa atafika zahanati mapema. Yule asiye na shamba, ambaye zao lake pekee lilikuwa siku ya kibarua, atapita juu ya barabara hiyo akiwa mikono mitupu. Huwezi kuchukua chakula cha mtu mmoja ukamwambia ashukuru kwa kuwa majirani zake wameshiba.

Historia ya kanda yetu inaonyesha kwamba hakuna sheria ya maumbile inayotulazimisha kuchagua njia moja. Mwaka 1974 Kenya ilianza mpango wa barabara za vijijini uliojengwa makusudi kwa nguvu kazi ya wenyeji, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Barabara zilipatikana na mishahara ikabaki vijijini. Nasi Rwanda tangu 2008 tuna mpango wa VUP, ambao sehemu yake mojawapo hutoa kazi za malipo kwa kaya maskini zenye watu wawezao kufanya kazi, kama kuchimba matuta ya ngazi na kutengeneza barabara. Maana ya mipango hii ni kwamba kuchimba udongo kulikuwa tayari ni njia ya kugawa riziki. Kwa hiyo anayeamua kuleta kijiko anaamua mambo mawili kwa pamoja: namna ya kuchimba, na namna ya kugawa. Kosa letu ni kuandika uamuzi wa kwanza katika zabuni na kuuacha wa pili utokee wenyewe.

Jibu langu, basi, ni kwamba siku iliyookolewa ina wenyewe wengi, na kwa kuwa ina wenyewe wengi lazima igawanywe waziwazi, kabla ya mashine kushushwa. Penye mwamba, ukingo mrefu au hatari ya maporomoko, mashine ichimbe. Kazi za mitaro midogo, kuta za mawe, kupanda nyasi kwenye miteremko na kusafisha mifereji zibaki kwa mikono, na idadi ya siku hizo iandikwe mkatabani kama zinavyoandikwa mita za ujazo. Kijana mmoja au wawili wa kilimani wafundishwe kukaa kwenye kile kiti mbele ya skrini. Gharama itapanda kidogo. Lakini gharama hiyo inalipwa hata sasa. Tofauti ni kwamba leo wanailipa wale ambao hawakuulizwa, na nimeshasema babu zetu walijua kazi ya namna hiyo.

Shangazi aliwapikia watu wa mashine ugali na maharage mpaka walipoondoka. Likizo iliyopita nilimuuliza kama anatamani ile kazi ya zamani irudi. Alicheka, akanionyesha mgongo wake. "Mwanangu, mimi sikuulilia udongo," alisema. "Nililia siku ya malipo." Barabara ni pana sasa, na magari ya kahawa yanapanda bila kusukumwa. Mvua zimeanza kujaza mitaro matope. Kijiko hakiwezi kuingia katika mtaro mwembamba kama ule, na kiko wilaya nyingine. Nani ataisafisha, na kwa malipo gani, hakuna aliyeandika popote.