Motokari ya Fahari na Neno la Mwuzaji

Mnunuzi wa mbuzi humfungua mbuzi kinywa ili ayatazame meno yake. Mnunuzi wa baiskeli huinua gurudumu la nyuma, huzungusha pedali kwa mkono, na kuusikiliza mnyororo. Lakini mnunuzi wa motokari ya fahari atatazama nini? Viti ni vya ngozi laini, rangi yang'aa kama maji ya ziwa wakati wa asubuhi, na mlango ukifungwa hausikiki. Hayo yote ni kweli, wala hayasemi neno lolote juu ya hali ya injini baada ya miaka mitano. Kitu kikubwa kimefichika, na mnunuzi hana budi kumwamini mtu. Basi hapo pana swali la dhamiri: amwamini nani, na mwenye kuaminiwa ana wajibu gani?

Watu wengi huiamini bei. Hufikiri kwamba kitu cha fedha nyingi hakiwezi kuharibika upesi. Huko Marekani kuna kampuni iitwayo J.D. Power, ambayo kila mwaka huwauliza wenye motokari za miaka mitatu ni matatizo gani waliyoyapata. Katika majibu ya mwaka 2023, motokari za fahari kwa wastani zilikuwa na matatizo mengi kuliko zile za kawaida. Sababu si ngumu kufahamu. Motokari ya fahari hubeba vyombo vingi: vioo vya picha, waya, mitambo midogo ya kusogeza viti, na mara nyingine mifuko ya hewa inayoibeba badala ya springi za chuma. Penye vyombo vingi, pana vingi vya kuharibika. Walakini mwaka ule ule Lexus, ambayo nayo ni motokari ya fahari, ndiyo iliyotangulia zote kwa uimara. Kwa hiyo bei si shahidi wa kumtegemea, wala kwa kusifu wala kwa kulaumu.

Wengine humwuliza jirani aliye nayo. Hilo ni jema, lakini jirani naye ni mwanadamu. Mtu aliyetoa fedha za miaka kumi haoni rahisi kukiri mbele ya watu kwamba motokari yake imelala kwa fundi mara tatu. Atasema, «Haijanisumbua hata siku moja.» Hataki kumdanganya mwenziwe, anailinda heshima yake tu. Hata hivyo mwenziwe hupata hasara ile ile. (Yule anayeivuta kwa kamba mpaka kwa fundi hujua zaidi, lakini ni nani amwulizaye?)

Ndiyo maana zamani watengenezaji wengine walikubali kupimwa na watu wasio wao. Mwaka 1907, huko Uingereza, motokari ya Rolls-Royce iitwayo Silver Ghost iliendeshwa kati ya London na Glasgow, kwenda na kurudi mara nyingi, mpaka ikatimiza kilometa zipatazo 24,000, huku wasimamizi wa Royal Automobile Club wakiitazama. Yasemwa kwamba katika safari hizo, ukiacha matairi, ilisimama bila kutakiwa mara moja tu, kwa sababu bomba la esansi lilijifunga kwa mtikisiko. Baadaye ilifunguliwa kipande kwa kipande, nao wasimamizi wakapima kila mahali palipolika. Sifa ile haikutokana na maneno ya mwenye mali. Ilitokana na macho ya watu ambao hawakupata faida yoyote kwa kuisifu.

Lakini liko jambo lingine, na labda ndilo kubwa zaidi. Mwaka 1989 kampuni ya Toyota ilianza kuuza Marekani motokari yake mpya ya fahari, Lexus LS 400. Kabla mwaka haujaisha, yakaja malalamiko mawili, juu ya waya na taa ya breki. Malalamiko mawili tu! Kampuni ingaliweza kuwatengenezea hao wawili kwa siri na kunyamaza, maana jina lake lilikuwa bado changa na aibu ingaliweza kuliua. Haikufanya hivyo. Iliziita motokari zote ilizokwisha kuuza, zipatazo 8,000, na kwa muda wa siku 20 mafundi wake walizichukua majumbani kwa wenyewe, wakazitengeneza bure, wakazirudisha. Watu hawakuichukia kwa sababu ya kosa lile, waliizidishia imani. Hakuna mtengenezaji asiyekosea. Anayestahili kuaminiwa hujulikana siku kosa linapoonekana.

Sasa yatazamwe mambo ya karibu. Motokari nyingi zilizokwisha kutumika Japani hupita bandari ya Dar es Salaam, zikafika Lubumbashi. Miongoni mwao zimo za fahari, na bei yake imeshuka sana. Hapo ndipo mtego ulipo: bei ya kuinunua imeshuka, lakini bei ya vipuri haikushuka. Mfuko mmoja wa hewa ukipasuka, mnunuzi atalipa kama tajiri yule wa kwanza. Tena kipimo cha kilometa huweza kurudishwa nyuma na mikono ya wezi. Kwa hiyo mwenye busara huuliza karatasi ya mnada wa Japani, iliyoandikwa kilometa na makovu ya motokari, naye huilinganisha na anachokiona. Hela anazozishika si zake peke yake. Mna ada ya shule ya watoto ndani yake, na jasho la mkewe shambani.

Na mwuzaji je? Tuseme anajua kwamba giaboksi huteleza injini ikipata moto. Mnunuzi anaijaribu asubuhi, injini ikiwa baridi, wala haulizi neno. Mwuzaji hakusema uongo. Je, ametenda haki? Wengine watajibu kwamba kila mtu ana macho yake. Jibu hilo lafaa kwa mbuzi, kwa maana meno yake yaonekana. Halifai kwa kitu ambacho ubaya wake unajulikana na mmoja tu, naye ndiye anayepokea fedha. Akichagua saa ya baridi kwa makusudi, kimya chake kimesema, nacho kimesema uongo.

Wako wauzaji wasemao, «Njoo na fundi wako, iendesheni mpaka ipate moto, kisha tuzungumze bei.» Pengine mtu wa namna hiyo hupunguziwa franka nyingi siku ile. Mnunuzi naye hurudi nyumbani akijua ubovu alioununua, na gharama ya kuutengeneza.