Jina la Samaki wa Tendaguru

Mwaka 1999, wanasayansi wawili walimpa jina samaki aliyekufa miaka milioni 150 hivi iliyopita: Lepidotes tendaguruensis. Neno la kwanza linataja magamba yake. La pili linataja kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, ambako zamani bahari ilipanda na kushuka kwenye ufuo wa dinosaria. Mabaki yake yako Berlin.

Yalifikaje huko? Kati ya 1909 na 1913, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, msafara wa Wajerumani uliajiri mamia ya watu kuchimba Tendaguru. Wapagazi walibeba mizigo vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini.

Tangu mwaka 2000, kanuni za kutoa majina ya wanyama zinamtaka anayeeleza spishi mpya ataje kielelezo kinachobeba jina hilo, na aseme kitahifadhiwa wapi. Hazimtaki aseme nani alikichimba wala nani alikibeba.

Mtu atasema: sayansi inamhusu samaki, si mpagazi. Gamba halisemi uongo kwa sababu ya namna lilivyochukuliwa. Nakubali. Wala kumwacha samaki bila jina kusingemlipa mtu yeyote jasho lake.

Lakini kielelezo ni kipimo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akiokota gamba kama lile huko Lindi, akitaka kujua ni la spishi ile au nyingine, itambidi alilinganishe na yaliyoko Berlin. Hivyo anayetoa jina anaamua pia nani atafunga safari na nani atapokea wageni.

Mwaka 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Ni jambo jema, japo lilichelewa karibu karne nzima. Hata hivyo, jina la mmoja halilipi deni la mamia.

Sidai tuache kueleza spishi. Nadai maelezo yawe kamili: mwamba, kina, mifupa, na mikono iliyovitoa ardhini. Kama tuna subira ya kuhesabu magamba ya samaki mstari kwa mstari, hatuwezi kusema kumwandika aliyembeba ni kazi kubwa mno.