Nimeipenda, Je, Ni Nzuri?



Watu wawili wakitoka kutazama filamu moja, huyu akasema ni nzuri na mwenziwe akasema ni mbaya, je, yuko mkosa baina yao? Au kila mtu na moyo wake, na maneno yamekwisha? Swali hili laonekana dogo, la barazani tu. Lakini nyumba nyingi leo zinalea watoto kwa jawabu la swali hili, bila ya wenyewe kujijua.

Mimi nilikutana nalo mbali na pwani yetu, huko Bujonde, katika wilaya ya Kyela. Pengine hujapata kulisikia jina hilo, ingawa mchele wa Kyela huenda umepikwa jikoni mwako. Ni nchi tambarare, baina ya milima ya Rungwe na Ziwa Nyasa, na Mto Songwe ndio mpaka wao na Malawi. Jioni moja vijana wawili walitoka katika kibanda cha video, walikotazama filamu ya kigeni iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Mmoja alisema, "Filamu kali! Stelingi kawamaliza wote." Mwenziwe akajibu kuwa yeye haikumpendeza, kwa sababu mpaka mwisho hakuelezwa wale waliouawa walikosa nini. Wa kwanza akacheka: "Kwani umekwenda kutazama au kuhukumu?"

Tulizame neno hili. Mtu anaposema "nimeipenda", anatoa khabari za moyo wake, na hapana awezaye kumkadhibisha. Anaposema "ni nzuri", anatoa khabari za kitu chenyewe, na hapo ametoa ushahidi. Mgonjwa wa sukari huipenda halua, na ulimi wake hausemi uwongo: halua ni tamu. Lakini utamu si jawabu la swali la daktari. Basi, tutokapo kutazama, tujiulize mambo matatu.

Kwanza, nimefurahia nini khasa? Chukua katuni za Tom na Jerry, zilizoanza huko Marekani mwaka 1940 na mpaka leo watoto wetu huzishangilia. Mtoto mmoja hucheka kwa kuwa mdogo kamshinda mkubwa kwa akili. Hicho ni kicheko cha tangu zamani. Sisi pia tulikicheka Sungura alipomhadaa Fisi. Mtoto wa pili hucheka kwa kuwa paka kapigwa, kapondwa, kisha kainuka mzima. Huyu asipoangaliwa ataona kuwa maumivu ni mchezo, na kesho atamjaribu paka wa jirani. Katuni ni moja, vicheko ni viwili. Utajuaje mwanao amecheka kipi, usipomuuliza?

Pili, nani aliyenieleza? Bibi alipotutolea hadithi tuliweza kumkatiza: "Bibi, kwani Fisi kakosa nini?" Naye alisita, akajibu. Picha ina mdomo, haina masikio. Ndiyo maana wafasiri wa filamu walipendwa sana nchini Tanzania, kama marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Walifasiri, wakaeleza, wakatia na maneno yao. Kijana hutoka akiisifu filamu, kumbe alichokipenda ni ulimi wa mfasiri. Si vibaya, maadamu anajua anamsifu nani.

Tatu, imeniachia nini? Wazee wetu wa Unguja na Dar es Salaam waliitazama Awara ya Raj Kapoor, iliyotolewa nchini India mwaka 1951. Wengi hawakujua Kihindi. Lakini walitoka na swali ambalo ndilo kiini cha filamu ile: je, mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi? Swali kama hilo huweza kukaa nyumbani miaka mingi baada ya nyimbo kusahauliwa. Kadhalika Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, hufundisha hesabu kwa visa na nyimbo. Mtoto akiinuka hapo akaja kukuuliza hesabu, ameachiwa kitu.

Wako watakaosema, "Kuliko taabu yote hiyo, tuzifunge televisheni." Na wako watakaosema, "Ni katuni tu, waacheni." Hawa wawili huonekana wamepingana, na kumbe wamekubaliana katika jambo moja: wote hawataki kukaa na mtoto. Yapo ya kufungiwa, hapana shaka. Lakini mtoto aliyefungiwa bila kuelezwa atayatazama kwa jirani, na huko hatakuwa na wa kumuuliza.

Nami nisijitoe katika lawama hii. Niliporudi nyumbani kutoka Bujonde nilimuuliza mwanangu mdogo kwa nini aipenda sana ile katuni yake. Nilijiandaa kumsahihisha. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa sababu haisemi 'ngoja kwanza'."

Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda kutafuta aibu ya katuni, nikaikuta yangu.

Basi, ndugu yangu, sisi tulioamini kuwa jicho, sikio na moyo ni amana zitakazoulizwa, tusidhani hesabu yetu ni ya macho yetu peke yake. Leo usiku watoto wakikaa kutazama, vuta mkeka ukae nao. Ikimalizika, usianze kwa kusifu wala kwa kulaani. Uliza: "Umependa nini? Kwa nini?" Kisha usikilize, kwani hilo ndilo picha isiloliweza. Mwenyezi Mungu atuwezeshe.